Mafundo ya Dhadho

Mume wangu Dhadho ana miguu isiyojua kulala. Hata akiketi kula, goti moja linatikisika mpaka mchuzi unamwagika mkekani. Mama yangu alimwona siku ya posa tu, akaniita uani akaniambia, "Mwanatumu, huyu si mume, huyu ni mto." Nikamjibu kwamba mto ndio unaotulisha. Nilikuwa na miaka kumi na sita na jibu la kila kitu. Sasa meno mawili yameng'oka, na majibu yameng'oka nayo.

Hapa Idsowe hakuna asiyemjua kwa pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Tangu Waingereza wafungue ofisi yao Kipini, wakitaka kupanda mto huja kumtafuta yeye, kwa sababu anajua fungu la mchanga limehamia wapi baada ya kila mafuriko. Huondoka nao siku kumi, siku ishirini, mwezi. Wenzangu waume zao wanarudi kila jioni, halafu wananijia kisimani kulalamika kuwa waume hao wanakaa mno nyumbani. Mimi nilikuwa nateka maji yangu na kunyamaza, maana ningefungua mdomo tungegombana.

Kuna neno la Kizungu aliliokota humo mtumbwini. Neno lenyewe ni run. Sisi huku tunatamka rani.

Mara ya kwanza walikuwa karibu na Chara. Kiboko alitoka majini, na Mzungu akawapigia kelele wapagazi watimue mbio. Dhadho akaelewa: rani ni kukimbia. Jambo dogo, neno la mtoto. Kesho yake Mzungu yuleyule akashikwa na mafua, akaonyesha pua yake, akasema rani. Dhadho akaitazama ile pua. Ilikuwa palepale usoni, haijakimbia. Kilichokuwa kikitoka ni kamasi. Mchana shati jeupe likafuliwa pamoja na kitambaa chekundu, rangi ikachuja: rani. Majani ya chai yakaisha koponi: rani. Mtumbwi ukakwama juu ya fungu la mchanga: rani, na safari hii lilisemwa kwa matusi. Saa ya mfukoni iliyokuwa imesimama ikaanza kwenda tena: rani. Njia ya Witu inapita wapi? Rani. Na yule bwana mkubwa anayeendesha ofisi ya Kipini, naye pia ni rani, ingawa Dhadho anaapa kuwa hajawahi kumwona akinyanyuka kitini.

Alirudi safari hiyo hata hajaniuliza hali ya mtoto, akaanza. "Mama Hawa, sisi maji yanatiririka, rangi inachuja, chai inaisha, saa inakwenda. Kila kitu kina neno lake. Wenzetu wametia vyote katika chungu kimoja wakafunika. Nataka kujua chini ya chungu kile mna nini."

"Mna masizi," nikamwambia. "Kachanje kuni."

Hakuchanja. Alikaa akasokota kamba ya ukindu, akafunga fundo moja kwa kila maana aliyoisikia, akajifunga kamba hiyo kiunoni. Alisema siku akiyamaliza mafundo yote atakwenda Kipini kuwa mkalimani, kwa sababu mkalimani aliyekuwepo alilijua neno hilo kwa maana tatu tu na alikuwa anavaa viatu. Ndivyo nilivyoishi. Mwanamume akirudi kutoka safari, wengine wanatazama ameleta nini mkononi. Mimi nilitazama kamba imeongezeka mafundo mangapi.

Mwaka aliofariki baba mkwe wangu, mafuriko yalishuka vizuri yakaacha tope jeusi kwenye shamba lake ng'ambo ya mto. Shamba lenyewe ni ukanda mwembamba, unaanzia majini na kuishia msituni, hatua sitini kwa upana. Ndilo tulilokuwa nalo, jingine hatukuwa nalo. Marehemu hakuacha neno juu ya shamba hilo. Basi Hiribae, binamu yake Dhadho, akasimama mbele ya wazee akasema, "Ndugu yangu ni mgeni katika shamba lile. Mimi niko hapa kila siku. Nipeni mimi." Na alichosema kilikuwa kweli, ndiyo maana kiliniuma. Shamba likienda, mimi na mwanangu Hawa tungekuwa watu wa kuomba kipande kila msimu, kwa huyu na kwa yule, tukila masimango kabla ya wali.

Mzee Godhana ndiye mkubwa wa wazee wetu. Anazungumza polepole kama anayevuka maji asiyoyajua kina. Akasema, "Dhadho apande. Mpunga ukitia maziwa, akae juu ya dungu aamie ndege wasile mpunga mpaka siku ya kukata, asivuke mto. Sisi kila alfajiri tukitoka kuswali tutatazama ng'ambo. Tukiona moshi chini ya dungu, shamba lina mwenyewe, na aliyeuwasha moto ndiye mwenyewe. Moshi ukikatika hata siku moja, shamba ni la Hiribae."

Wanaume wote wakaitikia. Dhadho akaitikia kwa sauti kuliko wote, goti likitikisika.

Dungu letu, kilingo cha kuamia ndege, lilikuwa na miguu minne ya mkoko na sakafu ya fito, juu limeezekwa makuti. Tulihamia pale na chungu kimoja na mkeka mmoja, Hawa nikamwacha kwa mama. Kila alfajiri niliteremka nikapuliza makaa, nikatia majani mabichi juu yake ili moshi upande mrefu. Moto niliuwasha mimi, sihitaji kusema. Kwetu mwanamume akionekana anapuliza moto, watu huuliza mkewe kafa lini.

Siku ya kwanza Dhadho alipanda na kushuka ngazi mara thelathini. Siku ya pili akakaa, lakini dungu zima lilitetemeka, nikafikiri limeingia mchwa. Alirusha kombeo kwa ndege ambao hawajafika. Alihesabu mafundo yake kwa vidole, kumi na nne, akayarudia kuanzia mwisho. Aliniuliza kama nadhani jua nalo linasemwa rani. Nikamwambia jua lina haya, haliondoki mchana kati na kuwaacha watu. Akacheka. Ana kicheko kizuri, na hilo ndilo tatizo langu kubwa tangu mwanzo.

Lakini alikaa. Siku ya nane, siku ya kumi. Siku ya kumi na nne alikaa asubuhi nzima bila kushuka, akaniimbia, akanichomea ndizi kwenye makaa niliyoyawasha. Nikaanza kupanga maisha. Nilipanga hata pa kujenga jiko. Mwanamke akishaanza kupanga pa kujenga jiko, ajue amekwisha.

Siku ya kumi na tisa mtumbwi ukaja ukipanda kutoka Kipini. Ndani mlikuwa na Mzungu mmoja mwenye ramani na wapiga kafi wanne. Wa tano, jina lake Dabaso, alikuwa amelala chini anatetemeka kwa homa, na huyo ndiye aliyekuwa nahodha. Wakasogea ukingoni. Mzungu akamgusa Dabaso kipaji cha uso, akasema maneno kwa sauti ya huzuni, na katikati ya maneno hayo nikalisikia mimi mwenyewe: rani.

Nilimtazama mume wangu. Goti lilikuwa limesimama tuli. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Homa," akasema taratibu. "Hata homa ikipanda, nayo ni rani."

"Baba Hawa," nikamwambia, "siku kumi na moja zimebaki tukate."

"Nitawavusha fungu la Garsen tu. Kabla ya jua kuchwa niko hapa."

"Baba Hawa, shamba."

"Moshi ni wa alfajiri. Alfajiri nitakuwa nimerudi." Alikuwa amekwisha kushuka, pondo liko mkononi, na sikumbuki alilichukua wapi. Dabaso wakamwacha kijijini atibiwe. Mimi nilibaki juu ya dungu na kombeo mapajani, nikauona mtumbwi ukizunguka kona ya kwanza, na nikamtukana mume wangu matusi ambayo sikujua kuwa nayajua.

Jua lilikuchwa. Hakurudi. Alfajiri nikateremka nikapuliza makaa kama kawaida yangu, nikatia majani mabichi. Ng'ambo wazee walitoka kuswali wakatazama. Moshi ulikuwepo. Wakaenda zao.

Niliamia ndege peke yangu siku kumi na moja. Ndege wa mpunga hawana huruma, wanatua mia mbili mia mbili, ukiwafukuza upande huu wanahamia upande ule. Sauti ilinikauka. Kwapa liliota malengelenge kwa kombeo. Usingizi niliuona kwa wenzangu. Kila alfajiri nilisema leo siwashi, na kila alfajiri niliwasha, maana kila nikitaka kuacha nilimwona mwanangu amesimama mlangoni pa watu na kikapu.

Siku ya kukata, Hiribae alivuka na wazee, amevaa kanzu ya Idi. Hakusubiri salamu. "Wazee," akasema, "Dhadho ameondoka hapa tangu siku ya kumi na tisa. Watu wa Garsen wamemwona na pondo."

Mzee Godhana akatazama dungu, akatazama majivu. "Moshi ulikatika?"

"Haukukatika," akajibu Hiribae, "lakini moto hakuuwasha yeye. Muulizeni huyu shemeji yangu. Mwanamke ndiye aliyewasha."

"Siku zile kumi na moja?"

"Siku zote!" Hiribae akacheka. "Tangu ya kwanza. Nani amewahi kumwona Dhadho akipuliza moto?"

Mzee mmoja akajikuna kidevu. Mwingine akaangalia mto kwa muda mrefu kuliko unavyostahili. Nikaona ndani ya nyuso zao jambo moja likipita toka kwa huyu hadi kwa yule, nami likanifikia mwisho. Walikuwa wameweka sharti la moto wakasahau ni nani huwasha moto.

Mzee Godhana akanigeukia. "Mwanangu, ni kweli asemayo?"

"Ni kweli, mzee. Siku zote thelathini."

"Basi sisi tulisema kwa midomo yetu. Aliyeuwasha ndiye mwenyewe." Akashusha pumzi. "Shamba ni la Mwanatumu. Hiribae, asante kwa ushahidi."

Sijawahi kuona kanzu ya Idi ikining'inia vile.

Dhadho alirudi siku sita baadaye, mpunga umekwisha kupigwa. Alinikuta napepeta. Kamba ilikuwa na mafundo kumi na tisa. Nilikuwa nimejiandaa: nilikuwa na maneno niliyoyanoa siku kumi na saba. Nikamwambia, "Karibu, mgeni. Shamba hili lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi." Nikamweleza yote. Nilitaka aone aibu, nakiri. Nilitaka apige magoti.

Akacheka mpaka akakaa chini. Alifurahi, Mungu shahidi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kisha akaniambia jipya lake: kwamba Waingereza, tabia ikiwa ya ukoo, ikitoka kwa babu ikaenda kwa baba ikaenda kwa mtoto, nayo ni rani. Nikamtazama Hawa, amekaa kwenye mkeka anakula ukoko. Mguu wake mdogo ulikuwa unatikisika.

"Lakini hukuwaza?" nikamuuliza. "Hata mara moja? Mtumbwini, hukuwaza shamba?"

Akaacha kucheka. "Niliwaza kila siku," akasema. "Wewe unaujua mto ulivyo. Unapiga pondo siku nne, unajikongoja na kila kona, na bado ndege angeweza kuruka kutoka kwako hadi kwangu kabla chungu hakijachemka. Kila alfajiri nilikuwa naona moshi wako juu ya miti. Nikasema moyoni: nisipouona, narudi. Nikauona. Siku ya pili nikasema vilevile. Nikauona. Ukiuona moshi, unajua nyumbani kuko salama, ndiyo nikaendelea."

Niliweka ungo chini. Nataka mnielewe. Siku kumi na moja niliwasha moto ule kwa machozi, kulinda shamba la mwanamume aliyeniacha, na moto huohuo ndio uliokuwa ukimwambia nenda, nenda, hakuna neno. Kama ningelala siku moja tu, angerudi. Nilikasirika kiasi cha kushindwa kumpiga.

Msimu uliofuata mpunga ulitia maziwa tena, na mtumbwi ukaja tena. Safari hii sikusema kitu. Nilimfungia ndizi za kuchoma kwenye majani, nikamtakia safari njema, akaniangalia kwa mashaka. Akaondoka adhuhuri.

Alfajiri yake nikakaa juu ya dungu, mikono mapajani. Chini makaa yalikuwa yamefunikwa majivu. Sikuteremka. Nilikula kiporo. Ng'ambo wazee walitoka kuswali, wakasimama, wakatazama, wakaambizana. Shamba sasa ni langu, hakuna wa kulichukua, lakini jicho likishazoea kitu hukitafuta. Alfajiri ya pili vilevile. Nilikaa nikisikiliza. Nilijiambia amekwenda mbali mno, hatazami. Nilijiambia anatazama lakini hajali. Nilijiambia mengi, na kila moja lilinikata mahali pake. Mara mbili nilishuka ngazi hadi nusu, nikapanda tena. Nilijua sasa kukaa na miguu inayotaka kwenda kunavyokuwa, nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Jua lilikuwa limefika juu ya makuti nilipoona ndege wananyanyuka upande wa msituni, wote kwa pamoja, bila kombeo langu. Kisha nikamwona. Hakuja kwa mtumbwi. Aliuacha mtumbwi kwa wenyewe, akakata msitu kwa miguu, kona zote zile za mto akaziruka, mle wanamolala nyati. Alikuwa anakimbia, amekuja mbio wima kwa miguu yake miwili, mikono inafagia mpunga wangu, damu inamtiririka gotini, kanga ya kiunoni imebaki kwenye miba huko, amebaki na kaptura kuukuu aliyopewa na Mzungu, kamba ya mafundo inampigapiga mapajani.

Akafika chini ya dungu akasimama. Alinitazama juu, akaniona nimekaa, mzima, natafuna.

"Hujafa?" akauliza. Sauti haikuwa na pumzi.

"Bado," nikamwambia.

Akafumba macho. Nilidhani atanitukana, na ningestahili. Hakunitukana. Alipiga magoti kwenye yale majivu, akayafukua kwa vidole, akapata kaa moja lenye uhai, akaanza kulipuliza. Hajui kupuliza moto, maskini, hajawahi. Alipuliza majivu yakamwingia machoni, akakohoa, akapuliza tena, akatia majani mengi mno, ukazimika nusu, akaanza upya. Nikashuka nikakaa karibu naye. Sikumsaidia. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kama yalikuwa ya moshi au ya kitu kingine sikumuuliza, na mpaka leo sijamuuliza. Mwishowe moshi ukapanda juu ya miti, mchana kweupe, mchafu na umepinda.

Ng'ambo watu walimwona mwanamume anawasha moto. Wanawake watatu wakavuka na kilio tayari mdomoni, na mmoja amekwisha kubeba sanda. Walipanda ukingo wakanikuta namfunga Dhadho goti kwa kitambaa. Walikasirika sana. Yule wa sanda hajanisamehe.

Siku hiyo Dhadho hakufunga fundo. Nilimkumbusha, nikamwambia amenikimbilia, na hilo nalo ni rani. Akasema hilo analo tayari, ni lile la kwanza.

Alikaa siku nane. Msinicheke, siku nane kwa Dhadho ni nyingi. Aliamia ndege, aliota jua, goti lake likapona, na likishapona likaanza kutikisika. Siku ya nane jioni nikamwona anatazama mto. Nikampa pondo mimi mwenyewe.

Aliondoka kabla hakujapambazuka. Nilimsikia akishuka ngazi polepole, asiniamshe, nami nilikuwa macho muda wote. Nikangoja pondo lake lisikike kwenye kona ya kwanza. Kisha nikateremka, nikafukua makaa, nikapuliza, nikatia majani mabichi ya kutosha ili auone vizuri.